Pesa Imefika, Habari Yake Je? M-Pesa, Wingu na Karo ya Shule

Najua kimya changu kimekuwa kirefu. Kazi zilinizidi na usingizi ukapungua. Leo nimerudi na mada niliyoiahidi kitambo: namna ya kuunganisha malipo ya mtandaoni na kompyuta za wingu, ili kazi iliyokuwa ya mtu na daftari ijiendeshe yenyewe. Mfano wangu ni M-Pesa, kwa kuwa ndiyo tunayoamka nayo na kulala nayo, na mahali ni shule moja ya msingi ya kibinafsi ambako niliifanya kazi hii. Jina la shule nalihifadhi. Ambao si waprogramu msikimbie, hamna msimbo hata mstari mmoja hapa.

Kwanza, wingu na Daraja

Kwa wageni wa mada hii: wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta za mtu mwingine, zimepangwa katika majengo makubwa yenye umeme wa uhakika, nawe unazikodi kwa saa, kwa dakika, au hata kwa kipande cha sekunde. Amazon walianza kuuza huduma hizi mwaka 2006, na EC2, ile huduma yao maarufu ya kukodisha kompyuta, iliundwa kwa sehemu kubwa na timu iliyokuwa Cape Town, hapa hapa Afrika. Mwaka uliofuata, Machi 2007, Safaricom wakazindua M-Pesa.

Kwa hiyo vitu hivi viwili vimepishana mwaka mmoja tu, lakini vilikua mbalimbali. Seva za M-Pesa zenyewe zilikuwa Ujerumani kwa miaka mingi. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Mwaka 2017 Safaricom wakafungua Daraja, yaani mlango ambao mprogramu wa kawaida anaweza kuutumia kuunganisha programu yake na M-Pesa. Jina wamelichagua vizuri. Ila kama mjuavyo, daraja likishajengwa bado kuna kazi ya kujua nani amevuka na nani bado.

Shida yenyewe

Shangazi yangu ni karani wa karo katika shule hiyo. Wanafunzi ni 400 na kitu. Wazazi wengi hulipa kwa Paybill, na hulipa kidogo kidogo: elfu mbili leo, mia tano Ijumaa, elfu tatu mwisho wa mwezi. Kila jioni shangazi alifungua taarifa ya akaunti kwenye tovuti ya M-Pesa ya wafanyabiashara, akanakili malipo kwenye daftari kubwa la jalada jeusi, kisha akayahamishia kwenye kadi ya kila mtoto. Wiki ya kufungua shule malipo yalikuwa mengi, jioni ikawa fupi. Daftari lilibaki nyuma siku mbili, wakati mwingine tatu.

Na daftari hilo ndilo lililoamua nani arudi nyumbani. Jumatatu asubuhi orodha ilitolewa, majina yakasomwa kwenye gwaride, watoto wakachukua mikoba yao. Muhula mmoja lilisomwa jina la msichana wa gredi ya 6 ambaye baba yake alikuwa amelipa tangu Ijumaa usiku. Mtoto alisema amelipiwa. Lakini neno la mtoto mbele ya daftari la ofisi lina uzito gani? Alikosa siku mbili za mitihani ya muhula. Baba alipokuja na ujumbe wake wa M-Pesa kwenye simu, malipo yalionekana mara moja. Yalikuwa katika taarifa ambayo bado haijanakiliwa.

Shangazi alinisimulia haya nyumbani kwake, chai yake ikipoa kikombeni. Akasema, "Mwanangu, pesa haikupotea. Iliyopotelea njiani ni habari yake."

Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na nimesoma vitabu vizito kuhusu mambo haya, lakini sijakutana na sentensi inayoieleza kazi hii vizuri kuliko hiyo. Pesa yenyewe M-Pesa huihamisha kwa sekunde chache. Kazi yetu sisi waprogramu ni habari ya pesa: ifike, ifike kwa mtoto anayehusika, na isifanye madhara ikichelewa.

Njia mbili

Njia ya kwanza watu huiita STK. Mzazi anafungua ukurasa wa shule, anachagua mtoto, anaandika kiasi. Programu yetu inatuma ombi kwa Daraja, na baada ya sekunde chache simu ya mzazi inatoa kidirisha cha kuomba PIN. Uzuri wake ni kwamba nambari ya mtoto tumeiandika sisi, mzazi hana nafasi ya kuikosea.

Lakini hapa pana mtego. Jibu ambalo Daraja hulirudisha papo hapo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Halisemi kuwa pesa imelipwa. Mzazi bado hata hajagusa simu! Jibu la kweli huja baadaye, likiletwa kwenye anwani ya mtandao uliyoitaja katika ombi lako. Sisi wa kazi hii huliita kolibeki. Hapa nitaliita taarifa ya marejeo. Ndani yake mna nambari ya matokeo: 0 maana yake malipo yamekamilika, 1 salio halitoshi, 1032 mteja amekataa, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati.

Njia ya pili ni Paybill tuliyoizoea: nambari ya biashara, nambari ya akaunti, kiasi, PIN. Hapa ombi halikutoka kwetu. Tunapata habari tu kwamba mtu fulani amelipa. Bibi aliye kijijini hulipa hivi. Mjomba anayesaidia kusomesha hulipa hivi. Mzazi asiye na intaneti hulipa hivi. Njia hii ina fujo nyingi, nitazieleza, lakini huwezi kuifunga kwa sababu tu inamsumbua mprogramu.

Mtiririko wa kazi

Mtu atauliza: si uweke programu kwenye kompyuta ya ofisi ya shangazi, mambo yaishe? Tatizo ni kwamba taarifa ya marejeo hubisha hodi kwa saa zake yenyewe. Baba yule alilipa Ijumaa usiku. Ofisi imefungwa, pengine mtaa mzima hauna umeme. Mgeni akibisha nyumba isiyo na mtu, huondoka. Anwani hiyo lazima iwe na mtu mlangoni saa 24, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda winguni. Mimi nilitumia huduma za Amazon. Microsoft na Google nao wana vifaa vya aina hiyo hiyo. Mpangilio ni huu:

1. Mpokeaji. Ni kijiprogramu kinachoamka taarifa inapoingia. Kinaichukua kama ilivyo, kinaiweka mahali salama, kinaijibu M-Pesa "nimepata", kinalala tena. Hakihesabu chochote, hakiamui chochote. Huduma inayokiendesha inaitwa Lambda, ilitangazwa mwaka 2014, na unalipia tu muda ambao kijiprogramu kilikuwa macho.

2. Foleni. Taarifa inapanga foleni katika huduma iitwayo SQS. Kawaida inaweza kungoja hapo siku 4, na ukitaka unaongeza hadi siku 14. Hifadhidata ikigoma Jumamosi, taarifa inasubiri zamu yake, haitupwi.

3. Mkaguzi. Kijiprogramu cha pili kinaichukua taarifa kutoka kwenye foleni, kinatafuta ni ya mtoto gani, na kuandika malipo kwenye hifadhidata.

4. Mjumbe. Malipo yakishaandikwa, mzazi anapata arafa yenye kiasi alicholipa na salio la karo.

5. Mlinzi wa usiku. Kila siku saa nane usiku kengele ya winguni inamwamsha. Anapitia maombi yote ya STK yasiyojulikana yaliishaje, na kuiuliza Daraja kuhusu kila moja.

Gharama? Lambda na SQS kila moja hutoa maombi milioni 1 ya bure kila mwezi, na shule ya wanafunzi 400 haifiki hata karibu na hapo. Arafa za wazazi ndizo zilizokula pesa kuliko wingu lote.

Habari ikichelewa, ikirudiwa, isipofika

Mpangilio huo ukiuchora ubaoni unapendeza. Ugumu unaanza habari inapofanya ukaidi, nayo ina ukaidi wa aina tatu.

Kuchelewa. Programu nyingi nilizoziona zina majibu mawili kuhusu malipo: amelipa au hajalipa. Yetu ina matatu: amelipa, hajalipa, na haijulikani. Ombi likitoka na jibu lisirudi, hali yake ni "haijulikani" mpaka tuwe na ushahidi. Hili neno dogo ndilo uti wa mgongo wa mfumo mzima. Daftari la shangazi halikuwa nalo. Mtoto ambaye jina lake halikuwa na alama alihesabiwa hajalipa.

Kurudiwa. Foleni ya kawaida ya SQS huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Haiahidi mara moja tu. Taarifa moja inaweza kuja mara mbili, na ukiiandika mara mbili mtoto amelipiwa mara mbili kwa pesa moja. Dawa yake iko kwenye ule ujumbe wa M-Pesa mnaoupata kila siku: nambari ya malipo yenye herufi na tarakimu 10, ambayo ni ya malipo hayo peke yake. Tumeiagiza hifadhidata isikubali nambari ile ile mara ya pili. Ni kama mwalimu na rejista ya mahudhurio: akiliita jina lako mara mbili, huwi wanafunzi wawili.

Kutofika. Kwa STK tuna mlinzi wa usiku, kwa sababu ombi lilitoka kwetu na tunayo nambari ya kuulizia. Kwa Paybill hatuna nambari kama hiyo. Ni vigumu kuuliza habari ya mgeni ambaye hujui kama alikuja. Kwa hiyo shangazi bado hufungua taarifa ya akaunti kwenye tovuti, lakini hanakili tena. Anaipakua, anaipa programu, na mashine inalinganisha mstari kwa mstari na yale iliyoyapokea. Palipo na pengo panaonekana kabla chai haijapoa.

Kuna na ukaidi wa nne, ambao ni wa watu: uongo. Ile anwani ya kupokea taarifa iko wazi mtandaoni. Anayeijua anaweza kuituma "taarifa" ya malipo ambayo hayakufanyika. Ndiyo maana Mkaguzi haamini taarifa kwa sababu tu imebisha hodi. Ya STK lazima ilingane na ombi tulilolituma, pamoja na kiasi chake, na lolote la kutiliwa shaka linaulizwa upya kwa Daraja yenyewe.

Mama Brayo na Mkaguzi

Sasa zile fujo za Paybill. Penye nambari ya akaunti, mzazi anatakiwa kuandika nambari ya usajili ya mtoto. Anaandika nini? Jina la mtoto. Jina lake mwenyewe. "Karo". "Gredi 4". "Mama Brayo", na shule ina akina Brayo watano.

Daraja ina njia ya kuzuia haya. Ukiomba huduma hiyo iwashwe, M-Pesa itakuuliza kabla ya kupokea pesa: nambari hii ya akaunti unaitambua? Ukisema hapana, malipo yanakataliwa mlangoni na pesa inabaki kwa mwenyewe. Kwa mprogramu ni suluhisho safi. Nilimwonyesha shangazi kwa furaha.

Akatikisa kichwa. "Pesa ya karo ukiikataa leo, kesho imekuwa unga."

Alikuwa sahihi kabisa. Mzazi aliyejikusanyia elfu mbili hana hakika ya kuwa nazo Alhamisi. Basi tunapokea yote. Nambari ikiwa sahihi, mashine inamaliza kazi. Ikiwa haieleweki, malipo yanaingia kwenye kapu la shangazi, na yeye ndiye anayeamua. Mashine inaruhusiwa kumpendekezea ("simu hii ililipia mtoto huyu muhula uliopita") lakini hairuhusiwi kubahatisha. Shangazi humaliza kapu hilo kwa nusu saa, kwa sababu anawajua watu. Anajua Mama Brayo yupi hulipa Jumatano baada ya siku ya soko. Hilo sina hifadhidata yake.

Nani anafunga mlango?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Mfumo ulipokwisha kufanya kazi wiki kadhaa, mkurugenzi wa shule aliniita. Alifurahi, akaniongezea kazi moja. Kwa kuwa mashine sasa inajua kila mdaiwa, kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi itoe yenyewe orodha ya wa kurudi nyumbani, iwatumie wazazi arafa, na orodha ifike kwa bawabu langoni. Kwa upande wa msimbo ni kazi ya alasiri moja.

Nilimwambia sitaiandika hivyo, na nikamweleza kwa nini.

Mashine ikikosea upande wa kufungua, yaani ikamhesabu mtoto amelipa kumbe bado, shule imepoteza shilingi kadhaa kwa siku chache. Ulinganishaji utaionyesha hitilafu, itarekebishwa, na mtoto alikuwa darasani muda huo wote. Mashine ikikosea upande wa kufunga, mtoto amesharudi nyumbani. Amesomwa mbele ya wenzake. Mtihani umepita. Hakuna kijiprogramu cha saa nane usiku kinachoweza kuirudisha Jumatatu hiyo. Makosa haya mawili hayalingani, basi na ruhusa zisilingane: mashine ifungue yenyewe, kufunga kubaki mikononi mwa mtu mwenye jina, anayeweza kuulizwa.

Mkurugenzi naye alikuwa na hoja, na si hoja ya kudharau. Walimu wanataka mishahara, jikoni panataka mahindi na maharagwe, na shule ya kibinafsi haina serikali ya kuiongezea. Akauliza, "Sasa nimlipe mwalimu kwa huruma yako?" Tulibishana kwa heshima kwa karibu saa nzima.

Tulichokubaliana ni hiki. Mashine hutoa orodha ya wenye deni, lakini humwondoa mtoto yeyote ambaye ana malipo ya hali ya "haijulikani". Orodha haitoki mpaka kapu la shangazi liwe tupu. Kisha yeye hufungua kumbukumbu ya kila mtoto, mmoja mmoja, na mzazi hupigiwa simu kabla ya lolote. Hakuna kitufe cha "wote". Shangazi alilalamika kwamba ni polepole. Nikamwambia, shangazi, upole huo ndio nilioupanga.

Sitawadanganya: watoto bado hurudishwa nyumbani kwa karo, hapo na kwingineko. Programu haiondoi umaskini. Lakini tangu tuanze, mihula minne sasa, hakuna mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya pesa ambayo tayari ilikuwa kwenye akaunti ya shule. Na mkurugenzi ameona jambo ambalo hakulitegemea: wazazi wanaopata arafa papo hapo hulipa kidogo kidogo mara nyingi zaidi, kwa kuwa sasa wanaliona deni likipungua.

Kwa wanaotaka kujaribu

Daraja ina uwanja wa majaribio usiotumia pesa halisi, anzia huko. Zile funguo mbili unazopewa huzaa tokeni inayoishi sekunde 3,599, yaani saa moja kasoro sekunde moja, kwa hiyo programu yako iwe na mazoea ya kuomba mpya. Funguo zenyewe usiziandike ndani ya msimbo. Wingu lina sanduku maalumu la kuhifadhi siri.

Na msicheze na habari za watoto. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ina meno: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Majina, madeni na nambari za simu ni mzigo mzito kuliko picha. Arafa zetu hazitaji jina kamili la mtoto, na orodha ya madeni haitumwi kwa mtu yeyote kwa barua pepe.

Mwisho, kabla hujaandika chochote, kaa na anayelishika daftari. Muulize ni nini kilichowahi kupotea, na kikipotea ni nani hulia. Ukishajua huyo, utajua ni milango ipi uiachie mashine na ni ipi usiiachie.

Makala ijayo nitaeleza ile foleni kwa undani, pamoja na foleni ya pili ambako taarifa zilizoshindikana hupelekwa zikasubiri uchunguzi. Ni nzuri kuliko inavyosikika. Hadi hapo, kaeni salama.